Kushuka Russell Square: Mwongozo wa Stesheni na Mtaa Wake kwa Mgeni wa London

Mswahili anayekwenda London kusoma, kumwuguza mtoto aliyehamishiwa hospitali ya huko, au kuitazama miswada ya kale ya ushairi wetu, aghalabu huambiwa ashuke Russell Square. Maelekezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Stesheni yenyewe ni ndogo na kongwe, haina ngazi za umeme kama zilivyo stesheni nyingi za katikati ya jiji, na ukitoka nje huioni bustani yenye jina hilo mpaka utembee kidogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayefika mara ya kwanza, naye ana mzigo na pengine ana wasiwasi. Unaanzia uwanja wa ndege, unapita chini ya ardhi, kisha unamtembeza mitaani.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba Russell Square inakufaa

Kabla ya yote, jiulize kama miguu yako inaziweza ngazi. Abiria hupanda na kushuka kwa lifti, lakini kati ya lifti na majukwaa ya treni kuna vidato ambavyo haviepukiki. Kwa hiyo anayetumia kiti cha magurudumu, anayesukuma kigari kizito cha mtoto, au mzee anayeumwa magoti, asishuke hapa. Ashuke King's Cross St Pancras, stesheni inayofuata upande wa kaskazini, ambako lifti humtoa mtu jukwaani hadi barabarani bila kidato hata kimoja. Akiwa nje, apande basi namba 91 linalopita Russell Square. Mabasi ya London yana sakafu ya chini, na dereva huteremsha ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu akiombwa.

Anayefika kwa treni kutoka Paris au Brussels huteremka St Pancras, nami simshauri aingie chini ya ardhi kwa ajili ya kituo kimoja tu. Njia za ndani za King's Cross ni ndefu na zina watu wengi, na muda utakaotumia kulitafuta jukwaa la Piccadilly, njia ya treni inayopita Russell Square, unakaribia muda wa kufika kwa miguu, ambao hauzidi robo saa na ushei.

Hatua ya pili: andaa nauli kabla hujafika kwenye geti

Huhitaji kupanga foleni ya tiketi. Kadi ya benki yenye uwezo wa kulipa kwa kugusa inatosha, na vilevile simu yenye kadi hiyo ndani yake. Kama kadi yako ya nyumbani inakatwa ada kila inapotumika nje ya nchi, ni afadhali ununue kadi ya Oyster kwenye mashine na kuitia fedha. Unaigusisha kadi kwenye kisomeo cha njano unapoingia, na unaigusisha tena unapotoka; mfumo hukokotoa nauli wenyewe, na baada ya kiwango fulani cha siku hauendelei kukukata.

Hapa kuna makosa mawili ambayo nimeyashuhudia mara nyingi mno kwa wageni. La kwanza ni mume na mke kutumia kadi moja: haiwezekani, kila msafiri lazima awe na kadi yake, isipokuwa watoto walio chini ya miaka 11, ambao husafiri bure wakiwa na mtu mzima mwenye kadi. La pili ni kuingia kwa kadi ya plastiki na kutoka kwa simu yenye kadi ileile. Mfumo huzihesabu kuwa kadi mbili tofauti, ukaona safari mbili ambazo hazikukamilika, ukakutoza nauli ya juu kabisa kwa kila moja. Chagua kimoja asubuhi, na ubaki nacho hadi usiku.

Siku za kazi nauli hupanda saa za msongamano, yaani kuanzia saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na tena saa 10:00 hadi saa 1:00 jioni. Usijisumbue, hata hivyo, kusubiri uwanjani Heathrow mpaka saa hizo zipite: safari ya kati ya Heathrow na katikati ya jiji hutozwa nauli ya saa za msongamano wakati wote.

Hatua ya tatu: kutoka Heathrow hadi jukwaani

Njia ya Piccadilly, ambayo kwenye ramani imechorwa kwa rangi ya buluu iliyokolea, inatoka Heathrow hadi Russell Square bila kubadilisha treni. Safari huchukua kama saa moja. Iko njia nyingine mpya zaidi, ya Elizabeth, ambayo ina kasi na nafasi kubwa lakini nauli yake ni ghali zaidi na haipiti Russell Square. Mtu mwenye masanduku mawili atapoteza katika kubadilisha treni kile alichookoa katika mwendo.

Treni zinazotoka uwanja wa ndege huandikwa Cockfosters au Arnos Grove. Usibabaike kwa tofauti hiyo, kwa maana zote mbili hupita Russell Square. Ingia, weka mzigo mahali ambapo hautauzuia mlango, kisha tulia. Kipande kikubwa cha mwanzo utaona nyumba na bustani za watu kupitia dirishani, kwa sababu treni hukimbia juu ya ardhi upande wa magharibi wa jiji, na huzama chini baada ya Barons Court. Tumia kipande hicho kumpigia simu mwenyeji wako. Ukishaingia ndani ya handaki hesabu hivi: Earl's Court, Gloucester Road, South Kensington, Knightsbridge, Hyde Park Corner, Green Park, Piccadilly Circus, Leicester Square, Covent Garden, Holborn, kisha Russell Square. Mlango ukifungwa Holborn, shika masanduku yako.

Hatua ya nne: kupanda juu

Jukwaani utaona kuta zilizopambwa kwa vigae. Stesheni ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1906, na msanifu wake wa majengo, Leslie Green, alizipa stesheni zake michoro na rangi tofauti tofauti za vigae, ili abiria wa kila siku aitambue yake kwa kutupa jicho dirishani bila kusoma jina. Msafiri wa daladala au matatu anayejua kituo chake kwa mwembe au duka la kona ataielewa hekima hiyo mara moja.

Fuata mishale ya kutokea hadi kwenye lifti. Usiwafuate vijana wanaoelekea kwenye ngazi. Ngazi hiyo ni ya mzunguko, imejizungusha ndani ya shimo kama ngazi ya mnara, na kibao mwanzoni mwake kinaonya kwamba ina vidato 175. Mimi niliwahi kuidharau, nikiwa na begi la mgongoni na sanduku moja la vitabu, kwa sababu mbele ya lifti palikuwa na watu wengi. Nilipofika katikati sikuweza kurudi wala sikutaka kuendelea, na nyuma yangu kulikuwa na bwana mmoja mpole ambaye hakusema neno ila nilimsikia akipumua. Watu wakiwa wengi mbele ya lifti, ngoja lifti ya pili.

Wengi huuliza kwa nini mahali penye abiria wengi namna hii pasiwekewe ngazi za umeme. Jibu ni umri wake. Njia hii ilichimbwa ndani kabisa ya udongo wa mfinyanzi ulio chini ya London, chini ya misingi ya nyumba na mabomba, katika miaka ambayo lifti ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kumfikisha abiria kina hicho. Ngazi ya kwanza ya umeme katika reli hizi ilikuja mwaka 1911. Fedha za ujenzi zilitafutwa na Charles Yerkes, mfanyabiashara Mmarekani aliyekwisha kuwekeza katika reli za mjini Chicago, naye alifariki mwaka 1905 kabla treni ya kwanza haijapita. Green naye hakuishi kuifaidi kazi yake: alifariki mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kuchora makumi ya stesheni kwa muda wa miaka michache tu.

Kabla hujatoka, tafuta bamba la kumbukumbu. Asubuhi ya tarehe 7 Julai 2005, bomu lililipuliwa ndani ya treni iliyokuwa imetoka King's Cross kuja Russell Square, wakafa abiria 26. Majeruhi na waokoaji wengine walipitia handakini hadi kwenye stesheni hii. Muda si mrefu baadaye basi lililipuliwa Tavistock Square, dakika chache kwa miguu kutoka hapa, wakafa watu 13. Wakazi wa mtaa huu hawapendi kuulizwauliza habari hizo na kila mpita njia. Kusimama kimya mbele ya bamba kunatosha.

Hatua ya tano: jua umetokea wapi

Mlango unakutoa Bernard Street. Geuka uitazame stesheni kwanza: vigae vyake vya nje ni vyekundu kama damu ya ng'ombe, madirisha ya juu yana umbo la nusu duara, na paa ni bapa kwa sababu Green alitumia fremu ya chuma yenye uwezo wa kubeba ofisi juu yake. Ukiijua rangi hiyo utazitambua stesheni zake nyingine jijini kote, na kila utakapoiona utajua kwamba chini yake huenda kuna lifti.

Sitakuambia ugeuke kulia au kushoto, maana mgeni aliyetoka lifti huwa amekwisha kuzungushwa. Tumia alama mbili. Upande mmoja wa barabara, kwenye kona, kuna hoteli kubwa ya kale iliyochorwa na Charles Fitzroy Doll mwishoni mwa karne ya 19, yenye minara na mapambo ya udongo wa kuchomwa. Huko ndiko kwenye bustani ya Russell Square, vyuo na makumbusho. Upande wa pili kuna jengo la zege lililopanda kama ngazi, lenye vyumba vya kuishi juu na maduka katikati. Hilo ni Brunswick Centre, na huko ndiko kwenye supamaketi, hospitali ya watoto na viwanja vya Coram.

Mitaani utakuta pia mbao ndefu zenye ramani. Zisome kwa uangalifu, kwa sababu ramani zake hazikuchorwa kaskazini ikiwa juu kama tulivyozoeshwa shuleni. Zimeelekezwa kule unakotazama wewe ulipozisimamia mbele, yaani kilicho juu ya ramani ndicho kilicho mbele ya uso wako. Nimewaona watu wazima wakienda kinyume robo saa nzima kwa sababu ya elimu yao ya jiografia.

Hatua ya sita: njia ya kwenda SOAS, maktaba na makumbusho

Elekea kwenye hoteli, vuka barabara kwenye taa, kisha uingie bustanini. Barabara hiyo ina mabasi mengi, na magari hutembea upande wa kushoto kama kwetu Afrika Mashariki, jambo ambalo ni faraja ndogo kwetu lakini huwatesa Wamarekani. Kata bustani hadi pembe ya kaskazini-magharibi, penye kibanda cha mbao cha rangi ya kijani. Vibanda hivyo vilijengwa zamani kwa ajili ya waendesha magari ya farasi wapate chakula na pa kujikinga mvua, na vimebaki 13 tu London nzima.

Ukivuka hapo umefika SOAS, chuo kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 1916 na kuanza kufundisha mwaka 1917 katika eneo jingine la jiji. Kwa Mswahili, jengo hili lina uzito wake wa pekee. Alice Werner alifundisha Kiswahili katika chuo hiki tangu miaka yake ya mwanzo. Miongo mingi baadaye Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliifanya hapa kazi yake ya kuifafanua lugha na mila za pwani. Maktaba yake inahifadhi miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na miongoni mwayo zimo karatasi za W. E. Taylor, mmishenari aliyezikusanya Mombasa tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Beti zilizosemwa Mvita katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 zimelala dakika tano kutoka kwenye lifti uliyotoka.

Usiende hapo mikono mitupu ukidhani utaonyeshwa mlangoni. Anza nyumbani: sehemu ya miswada imepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, nayo husomwa bure. Ikiwa bado unahitaji karatasi yenyewe, ijue namba yake ya kumbukumbu, waandikie maktaba mapema kuomba nafasi katika chumba cha kusomea, chukua kitambulisho, na uache kalamu ya wino. Katika vyumba vya namna hiyo penseli ndiyo inayokubalika.

Nyuma ya SOAS unaliona jengo jeupe refu kama mnara uliokatwa. Hilo ni Senate House la Chuo Kikuu cha London, lenye urefu wa meta 64, lililochorwa na Charles Holden katika miaka ya 1930. Holden ndiye pia aliyechora stesheni nyingi za Piccadilly zilizo mbali na katikati ya jiji, kwa hiyo ukisafiri hadi Arnos Grove utaona mkono wake tena.

Kati ya Senate House na British Museum inapita Montague Place, na hapo pana mlango wa nyuma wa makumbusho. Wageni wengi hujazana kwenye mlango mkuu wa Great Russell Street, ingawa kwa anayetoka Russell Square huu wa nyuma ndio ulio karibu. Kuingia ni bure, lakini ni vyema uchukue nafasi kwenye intaneti kabla ya kwenda, na sanduku la magurudumu halikubaliwi. Ijumaa makumbusho hufungwa saa 2:30 usiku, nami naona hizo saa za jioni ndizo bora, makundi ya shule yakiwa yamekwisha kuondoka. Vyumba vya Afrika viko chini, upande uleule wa kaskazini. Makumbusho haya yana vigae vya vyombo vilivyookotwa Kilwa Kisiwani, vya kwetu vikiwa pamoja na vya China na vya nchi za Kiislamu. Lakini sehemu kubwa ya mali iliyomo haiwekwi hadharani, kwa hiyo aliyesafiri kwa ajili ya kitu kimoja mahsusi akitafute kwanza katika orodha yao ya mtandaoni aone kama kimeonyeshwa.

Hatua ya saba: njia ya kwenda hospitali ya watoto

Sehemu hii naiandika kwa ufupi ili mzazi aisome akiwa njiani. Kutoka stesheni elekea upande wa Brunswick Centre, ufuate Bernard Street hadi karibu na mwisho wake, kisha uingie Grenville Street hadi Guilford Street. Fuata Guilford Street, ukiwa umeiacha hoteli nyuma yako, hadi Guilford Place. Hapo ingia Lamb's Conduit Street, na njia panda ya Great Ormond Street iko mbele. Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilianza mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10 tu. Leo imeenea majengo mengi, kwa hiyo soma barua yako uone jina la jengo na ghorofa, usiridhike na jina la hospitali peke yake. Usije kwa gari la rafiki ukitumaini kupata pa kuegesha.

Mtoto akiwa na nafuu, au akiwapo ndugu yake mzima aliyechoka kukaa kwenye viti vya kungojea, mpeleke Coram's Fields, uwanja wa michezo ulio Guilford Street. Sheria yake inaandikwa langoni: mtu mzima haruhusiwi kuingia asipokuwa na mtoto. Kabla ya kuwa uwanja, hapa palikuwa na makao ya watoto waliotupwa, yaliyoanzishwa mwaka 1739 na nahodha Thomas Coram. Mama aliyemleta mtoto aliacha kitu kidogo, kipande cha kitambaa, sarafu iliyochongwa au kitufe, ili siku akirudi aweze kuthibitisha kwamba mtoto ni wake. Vitu hivyo vinaonyeshwa katika Foundling Museum iliyo jirani, Brunswick Square. Ni watoto wachache sana waliorudiwa na kuchukuliwa.

Kuhusu chakula na mahitaji, supamaketi ya Brunswick Centre ni ya gharama ya juu. Marchmont Street iliyo ubavuni mwake ina maduka madogo na mikahawa ya wanafunzi yenye bei ya kustahimilika. Anayependa vitabu vilivyokwisha kutumika asiache kushuka Skoob, duka lililo chini ya Brunswick, ila aukumbuke uzito wa sanduku lake.

Hatua ya nane: kurudi uwanja wa ndege

Siku ya kuondoka, tazama kama stesheni imefunguliwa kabla hujaburuta mzigo hadi Bernard Street. Stesheni inayotegemea lifti hufungwa lifti zikiharibika, na treni hupita bila kusimama. Programu ya simu ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, hutoa taarifa hiyo. Ikiwa imefungwa, nenda Holborn kwa miguu kwa kama dakika kumi, ambako kuna ngazi za umeme na treni zilezile.

Jukwaani soma jina lililo kwenye ubao, maana si kila treni ya kuelekea magharibi inakwenda Heathrow. Zile za Uxbridge au Rayners Lane huachana na njia ya uwanja wa ndege Acton Town. Ukiwa umepanda hiyo kwa bahati mbaya, shuka Acton Town ungoje inayofuata ya Heathrow. Na za Heathrow nazo ziko za aina mbili: baadhi hupita Terminal 2 na 3 kisha huishia Terminal 5, nyingine huzunguka kupitia Terminal 4 kwanza. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi treni za Piccadilly hutembea hadi asubuhi, lakini hizo za usiku wa manane hazifiki Terminal 4, kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri huko atashuka Terminal 2 na 3 na kuuliza usafiri wa kati ya majengo.